Kiti cha Kando ya Mkwe

Darasani kwa Misis Padayachee sentensi hazikuandikwa ubaoni. Zilikaa kwenye viti.

Kila Jumanne na Alhamisi jioni, katika ukumbi wa kanisa ulio hatua chache kutoka Umbilo Road jijini Durban, mwalimu huyo mstaafu alipanga viti kwa mstari mmoja, akawavika wanafunzi wake kadi za uzi shingoni, kila kadi na neno lake la Kiingereza, kisha akapiga makofi: "Haya, wapenzi wangu, kaeni!" Hapo watu wazima wenye ndevu zao, na kina mama walioshinda wakisuka nywele za watu, walianza kugombea viti kama watoto wa chekechea. Wakikaa sawasawa, sentensi ilisomeka mwanzo mpaka mwisho, na Misis Padayachee alicheka mpaka bangili zake zikalia. Wakikaa ovyo, aliwainua wote waanze upya.

Mtendaji alikaa kiti cha kwanza, kitenzi kikafuata, halafu kile kinachotendwa. Hao hawakuwa na usumbufu. Hao, alisema Misis, ni wenye nyumba. Wenye usumbufu ni wageni, yaani vielezi, yale maneno ya kusema lini, na vipi, na mara ngapi.

"Kielezi ni mgeni," alisema, "na mgeni mwenye adabu anajua pa kukaa. Wa mara ngapi anaingia katikati ya mtendaji na kitenzi. Wa vipi anakwenda mwisho. Wa lini anakaa mwisho kabisa, au akijisikia anakaa mbele kabisa. Lakini mgeni asiye na haya ni yule anayekwenda kujipenyeza kati ya kitenzi na kitu chake. Huyo ni sawa na mtu anayekaa kati ya bwana harusi na bibi harusi siku ya arusi yao, halafu anaomba pilau."

Mgeni huyo asiye na haya alikuwepo darasani, jina lake Barthélemy, kijana wa Bukavu aliyefanya kazi kwenye duka la simu. Misis alimpa neno SLOWLY, yaani polepole, kwa sababu hakuwahi kufika kwa wakati. Mahali pake palikuwa mwisho wa mstari. Lakini kitenzi mara nyingi alikuwa Laurette msusi, naye Laurette alikuwa na vishimo mashavuni, basi kila sentensi ilipopangwa Barthélemy alionekana amekaa kando ya Laurette, bega kwa bega.

"Mais Madame," alijitetea, "kwa Kifaransa hii iko inawezekana!"

"Kwa Kifaransa ama kwa Laurette?" aliuliza Pacifique kinyozi, na darasa zima likaangua kicheko.

Rhoda, mama kijana wa Kitanzania, hakuwa na matatizo hayo. Yeye alipewa ALWAYS, yaani siku zote, kwa kuwa hakuwahi kukosa kipindi hata kimoja. Kiti chake kilikuwa kati ya mtendaji na kitenzi, na alikifikia bila kutazama, kama mkono wa mpishi unavyoifikia chumvi. Hata nyumbani, akiosha vyombo, maneno yalikuwa yanakaa kichwani mwake kila moja kwenye stuli yake. Alimwogesha mwanawe huku akinong'ona: she always cries, she never sleeps early. Mumewe Gilbert alimsikia siku moja akamwuliza kama anasali.

Na alikuwa na sababu. Misis Padayachee alikuwa na rafiki yake, Mama Dlomo, mwenye kituo cha kulelea watoto kule Queensburgh. Mama Dlomo alihitaji msaidizi mwenye Kiingereza cha kueleweka, naye angekuja Alhamisi ya mwisho wa muhula kutazama darasa na kumchagua mmoja. Msaidizi huyo angeruhusiwa kuja na mtoto wake.

Rhoda alipoyasikia hayo ya mwisho alimwomba Misis ayarudie. Lulu wake alikuwa na miaka miwili. Kazi zote alizowahi kuulizia, hotelini, viwandani, kwenye nyumba za watu, zilimtaka aje bila mtoto, kana kwamba mtoto ni mwavuli wa kuacha mlangoni. Hii ilikuwa kazi ya kwanza iliyowataka wote wawili.

"Wewe ndiye namba moja wangu," Misis alimwambia pembeni. "Kaa tu unavyokaa siku zote."

Halafu baba mkwe akaja kutoka Tukuyu.

Jina lake Rhoda hakulitamka hata moyoni, kwa hiyo na sisi tutamwita Mzee. Alikuja kumwona mjukuu, na Rhoda alimpokea kwa furaha ya kweli, akiwa nyuma ya mlango. Maana kwao Tukuyu, kwa wale wanaoshika mila, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hakai naye chumba kimoja, hasemi naye ana kwa ana, hamgusi, na wakikutana njiani yeye ndiye anayepinda. Wengi siku hizi wamelegeza. Lakini Rhoda alilelewa na mama aliyeshika, akaolewa kwenye nyumba iliyoshika, na alipohamia Durban vitu vyake vingi vilibaki au vikaibiwa njiani. Hii heshima ilifika salama.

Kule Tukuyu mambo hayo hayana shida. Kuna ua, kuna jiko la nje, kuna migomba ya kujificha ukipenda. Umbilo kulikuwa na fleti ya chumba kimoja na sebule, jiko la kusimama mtu na nusu, na kibaraza kilichotazama paa la gereji.

Wakajipangia utaratibu bila mtu kusema. Mzee alipotaka kupita, alikohoa: "Khoo!" Rhoda akatumbukia jikoni. Rhoda alipotaka kupita, aligonga mfuniko wa sufuria, na Mzee akatoka kibarazani kutazama paa la gereji, mvua au jua. Choo kilikuwa kimoja. Hapo palihitaji kikohozi na mfuniko kwa pamoja. Msimamizi wa jengo, akisikia kikohozi hicho kutwa nzima, alileta chupa ya dawa ya kifua akaiacha mlangoni.

Maneno yao yalipita kwa Lulu.

"Lulu," Mzee alisema kutoka sebuleni, "mwambie mama yako uji ulikuwa mzuri sana, ila leo sukari ilisafiri."

Lulu alitembea na viatu vyake vya plastiki, kwacha kwacha, mpaka jikoni, akasimama mbele ya mama yake, akasema, "Babu!"

"Lulu, mwambie babu anisamehe, kesho sukari itakuwa imerudi."

Kwacha kwacha mpaka sebuleni. "Mama!"

"Ahsante, mjukuu wangu."

Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao, kila mtu alikuwa ameshasikia. Lakini ujumbe ulipitia mahali pake, na Lulu alipata kipande cha biskuti kila mwisho wa safari, akawa tarishi hodari kuliko wote Umbilo.

Sasa Mzee, akiwa pale kibarazani, aliona kwamba jioni mkamwana wake anabanwa jikoni, akamwonea huruma. Akamwambia Gilbert anataka mahali pa kwenda jioni, mtoto wa watu apumue. Gilbert alikuwa ndiyo kwanza ametoka kiwandani Pinetown, ameshuka kwenye teksi miguu imevimba, akili iko kwenye godoro. Akamwambia baba yake kuna darasa la Kiingereza kanisani.

Hakukumbuka kabisa, au labda alikumbuka akatamani kubaki na fleti peke yake, kwamba mke wake naye hutoroka kwa ngazi za nyuma jioni hizo hizo kwenda darasa hilo hilo, ili Mzee apate kukaa sebuleni bila kukohoa.

Basi Jumanne moja Rhoda amekaa kwenye kiti chake cha ALWAYS, ametulia, mlango wa ukumbi ukafunguka.

"Khoo!"

Miguu yake iliinuka kabla yeye mwenyewe hajajua. Alipokuja kupata fahamu alikuwa upande wa pili wa ukumbi, kando ya dirisha, amefunika kichwa kwa khanga.

Mlangoni alisimama Mzee na koti lake la kanisani, kofia mkononi. Naye alimwona. Akageuza uso haraka akaanza kusoma tangazo la ukutani kuhusu harambee ya paa.

Misis Padayachee alifurahi kupita kiasi. Mtu mzima namna hii anakuja kusoma! Akamshika mkono akamkalisha kiti cha kwanza, kiti cha mtendaji, kwa sababu, alisema, mkubwa ndiye anayeanza sentensi. Na kuanzia siku hiyo kiti hicho kikawa cha Mzee. Na kiti kinachofuata kiti cha mtendaji, kila mmoja darasani alikijua, kilikuwa cha ALWAYS.

"Rhoda," Misis aliita, "rudi ukae."

Rhoda alikwenda kukaa mwisho wa mstari, baada ya SLOWLY.

"Hapana, bwana, Rhoda. Hapo siyo."

Rhoda aliinuka akaenda kukaa nyuma ya mstari. Kisha kwenye dirisha. Alhamisi yake alikaa kwenye ngazi za nje, na kadi yake shingoni.

"ALWAYS iko wapi?" aliuliza Misis.

"Iko nje, Madame," Pacifique alijibu. "Iko inapunga hewa."

Kueleza hakuweza. Aeleze nini, kwa Kiingereza kipi, mbele ya mwenyewe anayeelezwa? Kumtaja mkwe mbele yake ili aondolewe kando yake, hiyo nayo ingekuwa aibu kubwa kuliko kukaa. Laurette ndiye aliyeelewa bila kuambiwa. "Ule mutu ni mukwe yako, sivyo?" alimnong'oneza. "Nimeona venye unakimbia. Hata kwetu mukwe ni mukwe. Lete karte, tubadilishe." Wakabadilishana kadi. Misis akawarudisha: kila mtu na neno lake la muhula, hakuna kubadilishana, vinginevyo nani atajifunza?

"Ulikuwa unajua," Misis alimwambia Rhoda baada ya kipindi, kwa sauti ya mtu aliyevunjiwa kikombe chake kizuri. "Sijui umepatwa na nini. Rafiki yangu anakuja wiki ijayo. Siwezi kumwonyesha mtu anayekimbia kiti."

Jioni hiyo Rhoda alimweleza Gilbert chumbani, mlango umefungwa, Lulu amelala katikati ya kitanda.

"Lakini mke wangu, si saa moja tu? Kaa, ikiisha inuka. Watu siku hizi wameyaacha hayo, hata kwetu."

"Watu gani? Nitajie mmoja aliyekaa bega kwa bega na baba mkwe wake, halafu akarudi nyumbani akampikia uji akamtuma mtoto ampelekee. Nitampikiaje, Gilbert? Nitakuwa nimeshamgusa koti!"

"Basi nitamwambia baba aache kwenda."

Ukuta ukakohoa. "Khoo! Lulu, mwambie baba yako nimesikia. Mwambie sirudi tena kwenye darasa lile."

Lulu alikuwa anakoroma kidogo, mdomo wazi.

"Lulu," Rhoda alisema kwa haraka, akimtazama mtoto aliyelala, "mwambie babu asiache. Mwambie babu mimi ndiye nitakayeacha."

"Lulu, mwambie mama yako hapana. Mimi nina nini cha kupoteza? Yeye ana kazi anaitafuta, nimeisikia."

"Lulu, mwambie babu kwani yeye kilichompeleka ni nini, si kusoma?"

Kiti cha sebuleni kikalia. Halafu Mzee akasema, taratibu, na sauti imepungua:

"Lulu, mwambie mama yako kwamba wewe utakulia hapa. Utasema Kiingereza kama maji ya bomba. Siku moja utakuja Tukuyu na maneno yako mengi, na mimi sitaki kuwa babu wa kutikisa kichwa tu. Mwambie hivyo. Basi."

Gilbert alimtazama mkewe, akautazama ukuta, akamtazama mtoto. "Huyu mtoto," alisema, "akiamka atakuwa amechoka."

Rhoda hakucheka. Sasa shida ilikuwa imeongezeka: hakutaka kiti kile, hakutaka kuikosa kazi, na hakutaka Mzee aache. Mambo matatu, na hakuna lililokubali kusogea kulipisha lingine.

Alhamisi ya mwisho ikafika, na kiwandani Pinetown wakamshika Gilbert kwa muda wa ziada. Hakukuwa na wa kumwachia Lulu. Rhoda alimvika mtoto sweta, akagonga mfuniko, wakatoka. Mzee alikohoa, akatoka nyuma yao. Wakaenda hivyo kanisani, Rhoda na mtoto kando hii ya Umbilo Road, Mzee kando ile, magari katikati, na Lulu akipunga mkono ng'ambo: "Babuuu!" Kwenye roboti, yaani taa za barabarani, nyekundu ilipowaka Mzee alisimama kama gari, ili Rhoda avuke kwanza apate kutangulia.

Ukumbini Mama Dlomo alikuwa ameshakaa mbele, mwanamke mpana wa Kizulu, kitambaa kichwani, mkoba mapajani, macho ya mtu aliyezoea kuhesabu watoto. Misis Padayachee alikuwa anamnong'oneza jambo, na Rhoda alipoingia Misis aliacha kunong'ona. Rhoda alielewa. Jina lake lilikuwa limeshaondolewa, au lilikuwa mlangoni linaondoka.

"Sentensi ya leo," Misis alitangaza, "ni hii: babu siku zote anakula uji wake polepole. Grandfather always eats his porridge slowly. Kaeni!"

Mzee akavikwa GRANDFATHER, akakaa kiti cha kwanza. Laurette alikuwa EATS. Pacifique alikuwa HIS PORRIDGE, akalalamika kwamba kila mara yeye ndiye chakula. Barthélemy na SLOWLY yake alisimama akipima nafasi kati ya Laurette na Pacifique, mpaka Pacifique alipomwonyesha ngumi kwa siri. Akaenda mwisho, taratibu, kama jina lake.

Kikabaki kiti kimoja kitupu, kati ya Mzee na Laurette.

Rhoda alisimama na Lulu kiunoni na kadi shingoni. Laurette alisogeza kiti chake pembeni kidogo, kwa huruma, ili kile kitupu nacho kisogee. Kikasogea upana wa kidole. Mzee alikuwa anatazama dari. Jasho lilimtoka mzee wa watu. Alijua kinachotafutwa pale, na alijua yeye ndiye kizuizi, na ile hamu ya kutaka kumsaidia mkamwana wake ikampanda kifuani, ikafika kooni, ikatoka kwa njia pekee aliyoizoea:

"Khoo!"

Loo! Rhoda alikuwa nyuma ya piano ya kanisa, kule pembeni mwa ukumbi, kabla kikohozi hakijaisha.

Darasa likacheka. Bangili za Misis Padayachee zilishuka mpaka kwenye kifundo cha mkono. "Rhoda," alisema, akafumba macho. "Rhoda, Rhoda."

Nyuma ya piano palikuwa na vumbi na vitabu vya nyimbo. Rhoda alikuwa amechuchumaa, machozi yako karibu, na Lulu akamtazama. Mtoto alikuwa amesikia kikohozi. Mama amekwenda kujificha. Basi kazi imeanza. Akanyoosha kiganja chake kidogo kusubiri ujumbe, kama alivyofanya kila siku ya Mungu.

Rhoda akakitazama kile kiganja.

Alivua kadi yake. Akaufupisha uzi kwa fundo, akamvika mtoto. ALWAYS ikamfunika kuanzia kidevu mpaka magotini. Halafu akasema, kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, kwa maana ujumbe wa Lulu tangu zamani ulikuwa ni wa kusikika na kila mtu: "Lulu, nenda ukae karibu na babu."

Kwacha kwacha kwacha. Lulu alitokea upande wa pili wa piano amevaa neno kubwa kuliko yeye. Akaupita mstari wote, akamfikia Mzee, akapanda akakaa mapajani mwake.

"Lulu," ilisema piano, "usikae juu ya babu. Mshukie babu. Kaa kwenye kiti kilicho kitupu."

Lulu akashuka, akapanda kiti kitupu kwa tumbo, akageuka, akakaa. Miguu haikufika hata ukingo wa kiti.

"Lulu, mwambie babu akae vizuri, asiogope."

"Babu!" alisema Lulu. Mzee akanyooka.

Wakati macho yote yako kwa mtoto, Barthélemy aliona mwanya. Alinyanyuka, akanyata, kiti chake kimeshikwa nyuma ya makalio, akakisukuma kati ya Laurette na Pacifique. Rhoda alimchungulia kwenye upenyo wa piano.

"Lulu! Mwambie mjomba Barthélemy arudi mwisho. Haraka."

Lulu akamgeukia Barthélemy. Alimtazama chini mpaka juu, kama anavyotazamwa mtu aliyemaliza biskuti. Akanyoosha kidole na akasema neno lake la kwanza la Kiingereza duniani: "Go!"

Barthélemy akaenda. Laurette alicheka hadi vishimo vikapotea, na Pacifique akapiga makofi: "Voilà! Polisi!"

"Someni," alisema Misis Padayachee, ambaye sasa alikuwa ameshika kifua.

"Grandfather," alisema Mzee, kwa sauti ya kusoma Injili.

Zamu ya Lulu. Lulu akatazama watu. Watu wakamtazama Lulu.

"Babu!" alisema.

"Always," ilisema piano, kwa upole.

"Eats," alisema Laurette. "His porridge," aliguna Pacifique. "Slowly," alimalizia Barthélemy, na safari hii alilisema polepole kwelikweli, kwa majonzi.

Ilikuwa imekaa sawasawa, kila mgeni mahali pake.

Mama Dlomo alikuwa ameinama mbele, mabega yakimtikisika. Rhoda alidhani analia. Alipoinua uso, kweli machozi yalikuwepo, lakini ya kicheko.

"Padayachee," alisema, akijifuta kwa ncha ya kitambaa, "unaniambia binti huyu wa nyuma ya piano amepotea? Huyu hajapotea. Huyu ni makoti! Mke wa mwana. Na yule pale," akamwelekezea Mzee mkono wa heshima, viganja vyote viwili, "ni baba mkwe wake. Ulitaka akae bega kwa bega na baba mkwe wake? Wewe mwanamke!"

"Mimi ningejuaje?" alisema Misis Padayachee, amekuwa mwekundu. "Mbona hakusema?"

"Angesemaje, mwenyewe amekaa hapo? Mimi nilipoolewa, jina la baba mkwe wangu lilikuwa na neno la Kizulu la njia ndani yake. Sikulisema neno hilo mpaka mzee alipofariki. Mtu akiniuliza njia ya kwenda stesheni, nilimwambia, fuata pale watu wanapopita. Wengi walipotea kwa ajili yangu."

Akainuka, akauzunguka ukumbi taratibu, akaenda nyuma ya piano, akajikunja kwa shida akachuchumaa kando ya Rhoda, magoti yakilia.

"Nina watoto wengi pale kwangu," alisema kwa Kiingereza cha kuvuta, ili aeleweke, "na hakuna hata mmoja anayekaa anapoambiwa. Wewe umemkalisha wa miaka miwili bila hata kumshika, tena umejificha. Unaweza kuanza Jumatatu?"

Rhoda alitaka kujibu kwa sentensi nzuri, yenye kila mgeni kitini pake, lakini maneno yote yalikuwa yameinuka kwa pamoja yanagombea mlango. "Yes," alisema. "Yes, Ma. Na Lulu?"

"Lulu ndiye niliyemwajiri. Wewe utamsindikiza."

Walirudi nyumbani walivyokuja. Rhoda kando hii ya Umbilo Road, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Maana safari hii Lulu alikuwa kando ile, mabegani mwa babu yake, bado amevaa ALWAYS, iliyokuwa inampigapiga Mzee kwenye kofia. Rhoda alikuwa amemwacha mtoto kwenye benchi la mlangoni, akatangulia, na Mzee akamwokota, kama desturi inavyotaka.

Kwenye roboti taa ilishika nyekundu, magari yakasimama, pakawa kimya kidogo. Hapo Rhoda akasikia kikohozi, lakini kifupi, cha kusafisha koo tu. Halafu sauti ya Mzee ikavuka barabara, neno moja moja, kila neno likikanyaga kwa uangalifu kama mtu anayepita juu ya mawe mtoni:

"Lulu. Tell your mother. She always cooks well the porridge."

Rhoda alisimama. Alimwona mgeni yule, hilo neno dogo la well, yaani vizuri, limekwenda kukaa waziwazi kati ya bwana harusi na bibi harusi. Alijua kiti chake. Angeweza kukionyesha kwa kidole akiwa amefumba macho.

Akaliacha likae.

"Lulu," aliita kuelekea ng'ambo, khanga imefunika uso wake wote isipokuwa kicheko, "tell Grandfather, thank you very much."

Taa ikawa kijani. Kutoka juu ya kofia ya Mzee, Lulu alifungua kiganja chake, akakinyoosha juu ya magari yote, akisubiri biskuti.